Spika Aliyepita Dar es Salaam

Tarehe 9 Mei 1994 Bunge jipya la Afrika Kusini lilikutana Cape Town kwa mara ya kwanza. Wabunge 400 waliapishwa, na siku hiyohiyo wakamchagua Nelson Mandela kuwa rais wa nchi. Dunia ilimtazama Mandela, na ilikuwa haki yake. Lakini katika kikao hicho walichagua pia Spika, naye alikuwa mwanamke wa miaka 62, mwenye asili ya Kihindi, ambaye kwa miaka 10 angekikalia kiti kile akiwa amevaa sari. Kabla yake hakikuwahi kukaliwa na mwanamke, wala na mtu asiye Mzungu. Jina lake ni Frene Ginwala.

Kwetu sisi tuliokulia katika vyumba vya habari vya Dar es Salaam, mama huyu hakuwa mgeni. Alikuwa mhariri mtendaji wa The Standard, gazeti ambalo leo linaitwa Daily News, na alifukuzwa kazi mwaka 1971 kwa sababu ya tahariri. Nilipoanza uandishi, wakubwa wetu walikuwa bado wanaisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini, kana kwamba ilitokea juzi. Baadaye nikapangiwa kuripoti Bunge letu, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita Dodoma, nikiwasikiliza maspika wakiwaambia wabunge wakae chini, wafute kauli, watoke nje. Mara nyingi mawazo yangu yalikwenda kwa Ginwala. Mtu aliyewahi kuadhibiwa kwa sababu ya maneno, akija kupewa mamlaka ya kuadhibu maneno ya wengine, hufanya nini?

Maisha yake yanalijibu swali hilo, na jibu lenyewe lina uchungu ndani yake. Mimi ninampenda, nalisema mapema ili msomaji ajue ninaposimama. Lakini sitamwandikia wasifu wa mazishini.

Alizaliwa Johannesburg tarehe 25 Aprili 1932 katika familia ya Waparsi, watu wa dini ya Zoroasta ambao mababu zao walihama Uajemi wakatua Gujarat, India.   Ginwala alisomea sheria Uingereza, kisha akarudi kusini mwa Afrika wakati chama cha African National Congress, ANC, kikiona wazi kwamba siku za kufanya siasa hadharani zinahesabika. Walter Sisulu, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa chama, alimtaka aandae njia za kuwatoa viongozi nje ya nchi mambo yakiharibika. Polisi hawakuwa wakimjua sana, na hiyo ilikuwa silaha yake.

Mambo yaliharibika haraka. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Sharpeville na kuua watu 69. Siku chache baadaye Oliver Tambo, makamu wa rais wa ANC, alivushwa mpaka kwa gari hadi Bechuanaland, nchi tunayoiita leo Botswana. Ginwala ndiye aliyekuwa akishughulikia yaliyobaki: ndege, fedha, na hati za kusafiria zilizotolewa na Serikali ya India, kwa sababu Tambo hakuwa na pasipoti. Safari hiyo ikamfikisha Tambo Dar es Salaam. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado chini ya Mwingereza, uhuru ukiwa mbele kwa mwaka mmoja na nusu, lakini TANU, chama kilichokuwa kikiupigania uhuru huo, kilimpokea. Tambo alikaa uhamishoni miaka 30, na katika miaka hiyo yote ndiye aliyekishikilia chama kisisambaratike. Naamini kazi ile ya wiki chache, ya kutafuta rubani na karatasi zenye mihuri, inalingana kwa uzito na lolote alilofanya Ginwala baadaye akiwa na cheo.

Alibaki Dar es Salaam akisaidia kujenga ofisi ya ANC, na mwishoni mwa 1961 akaanzisha jarida la kila mwezi lililoitwa Spearhead. Lilikuwa jarida la mijadala mikali: Afrika iungane vipi, uchumi uwe wa nani, chama kimoja kina hatari gani. Serikali changa haikulifurahia kila neno. Mwaka 1963 Ginwala akatakiwa kuondoka nchini. Alikwenda Uingereza, na baada ya miaka kadhaa akaruhusiwa kurudi.

Hapo ndipo inapoanza habari ya The Standard, na ningependa kuisimulia bila haraka. Gazeti hilo lilianzishwa mwaka 1930 likiitwa Tanganyika Standard, sauti ya walowezi na wafanyabiashara, na kufikia mwisho wa miaka ya sitini lilikuwa mali ya kampuni ya Lonrho ya London. Nchi iliyotangaza Azimio la Arusha la kujenga ujamaa mwaka 1967 ilikuwa inasoma habari zake asubuhi kwenye gazeti la wenye mitaji wa ng'ambo. Februari 1970 Serikali ikalitaifisha, na Rais Julius Nyerere, yaani Mwalimu, akamteua Ginwala kuliongoza. Fikiria uamuzi huo: gazeti la kila siku la Serikali kupewa mwanamke, mgeni, mkimbizi wa kisiasa, tena mtu ambaye nchi hiihii ilimfukuza miaka saba nyuma.

Mwalimu aliandika waraka uliochapishwa katika toleo la kwanza. Alieleza kwamba gazeti litaunga mkono ujamaa na siasa ya TANU, lakini litakuwa huru kuwakosoa viongozi wa chama na Serikali pale wanapokosea. Ginwala aliuchukua waraka ule kwa maana yake kamili. Alikusanya waandishi wenye ndimi kali, akiwamo Richard Gott kutoka Uingereza na Philip Ochieng kutoka Kenya, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wahariri wakubwa wa Afrika Mashariki. Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa na makao ya Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, na mwanahistoria Walter Rodney akifundisha pale Chuo Kikuu, Mlimani. Gazeti likawa uwanja wa mabishano hayo yote. Upande wa pili kulikuwa na The Nationalist, gazeti la TANU lenyewe, likiongozwa na kijana aliyeitwa Benjamin Mkapa. Nimeyafungua majalada ya magazeti hayo mawili maktabani, yamefungwa kwa miezi, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Ukiyasoma kwa kufuatana unaona wazi kuwa yalikuwa yakiviziana.

Julai 1971 maofisa wa kikomunisti walijaribu kumpindua Rais Gaafar Nimeiry wa Sudan. Walishindwa, Nimeiry akarudi madarakani, na viongozi wa chama cha kikomunisti wakanyongwa. The Standard ikaandika tahariri ya kumlaani. Sudan ilikuwa nchi rafiki ya Tanzania. Ginwala akaondolewa kazini mara moja, na nafasi yake akapewa Sammy Mdee. Mwaka uliofuata The Standard na The Nationalist yakaunganishwa kuwa Daily News, na Mkapa ndiye akaliongoza.

Wengi wanaisimulia habari hii kama hadithi ya mhariri jasiri na Serikali isiyovumilia. Nadhani ina zaidi ya hapo. Katika mpangilio ule, Rais mwenyewe ndiye aliyekuwa mhariri mkuu kwa cheo. Balozi wa nchi yoyote akisoma tahariri, alikuwa na haki ya kuamini kwamba anasoma mawazo ya Ikulu. Mwalimu alikuwa amempa Ginwala uhuru, na papo hapo akamfunga na jina lake. Mambo hayo mawili hayakukaa pamoja hata miaka miwili. Ginwala aliujua ukweli huo kwa mwili wake: kwamba unaweza kupewa nafasi ya kusema na mtu anayekuamini kweli, kisha ukaondolewa na mtu huyohuyo siku moja.

Alirudi Uingereza, akasoma Oxford hadi shahada ya uzamivu, akitafiti historia ya Wahindi wa Afrika Kusini, na akaongoza utafiti wa ANC kutoka London. Marufuku dhidi ya ANC ilipoondolewa mwaka 1990 alirudi nyumbani. Kabla ya uchaguzi alisaidia kuunganisha wanawake wa vyama, makanisa na vikundi vya kila rangi katika Muungano wa Kitaifa wa Wanawake, uliotoa mkataba wa madai yao mwaka 1994. Wanawake wa National Party, chama kilichoutunga ubaguzi, walikaa meza moja na wanawake wa ANC. Aliyeweza kuiendesha meza ile aliweza kuendesha Bunge.

Na Bunge alilolikuta lilikuwa nyumba ya ajabu. Tangu 1984 lilikuwa na mabaraza matatu, moja la Wazungu, moja la machotara, moja la Wahindi, na Waafrika walio wengi hawakuwa na hata kiti kimoja. Kamati zilifanya kazi milango ikiwa imefungwa. Sasa waliingia watu 252 wa ANC, wengi wao wakitoka jela, misituni au uhamishoni, wakaketi mkabala na wabunge 82 wa National Party na 43 wa Inkatha, chama ambacho wafuasi wake walikuwa wamemwaga damu na wale wa ANC hadi wiki chache kabla ya kura. Zaidi ya robo ya wabunge walikuwa wanawake. Jengo halikuwa na vyoo vya kutosha vya wanawake, kwa kuwa waliolijenga hawakuwahi kufikiri kwamba wangevihitaji.

Ginwala alianza na mambo ya namna hiyo, na ndiyo maana namheshimu. Vyoo. Mahali pa kulelea watoto wa wabunge na wafanyakazi. Saa za vikao zinazomwezesha mama kufika nyumbani. Wakalimani, ili mbunge wa Kizulu au Kixhosa aseme lugha yake na asikike. Milango ya kamati ikafunguliwa, mwananchi akaingia na waandishi wakaingia. Wenzangu wa kazi watanielewa: mwandishi anayeruhusiwa kukaa katika kamati anaripoti nchi tofauti kabisa na yule anayesubiri taarifa kwa vyombo vya habari kwenye ngazi. Sheria nyingi mno za zamani zilipaswa kufutwa au kuandikwa upya, na Bunge lile lilizishughulikia kwa mamia. Katiba mpya ilipitishwa tarehe 8 Mei 1996. Sheria dhidi ya ukatili wa majumbani ikaja mwaka 1998. Sheria hizo zilipitia katika kiti chake, na hata wapinzani wake walikiri kwamba aliziweka kanuni kichwani na kuwabana wabunge wa chama chake pia.

Kisha likaja jaribio la kwanza, na hapa kalamu yangu inakuwa nzito.

Oktoba 1997 Patricia de Lille, mbunge wa chama kidogo cha Pan Africanist Congress kilichokuwa na viti 5 tu, alisimama akasema kwamba anayo majina ya watu ndani ya ANC waliokuwa wapelelezi wa utawala wa makaburu. Ukumbi ulichafuka. Aliamriwa kufuta kauli, akaifuta. Hata hivyo wengi wa Bunge waliunda kamati ya kumchunguza, na Novemba mwaka huo wakamfungia siku 15 za vikao. De Lille akaenda mahakamani. Ofisi ya Spika ilijibu kwa hati iliyotaka kuizuia mahakama isilisikilize shauri, ikitegemea sheria ya kinga na madaraka ya Bunge ya mwaka 1963. Narudia mwaka huo: 1963. Hiyo ilikuwa sheria ya Bunge la makaburu, iliyotungwa wakati Ginwala akiwa mkimbizi na jarida lake likimponza Dar es Salaam.

Mahakama Kuu ya Cape ilikataa. Mwaka 1998 ikasema kwamba Bunge la Afrika Kusini haliko juu ya Katiba, na kwamba haliwezi kumfungia mbunge kwa sababu tu ya kile alichosema. Spika alikata rufaa. Agosti 1999 akashindwa tena katika Mahakama ya Rufani. Shauri hilo leo linafundishwa kwa wanafunzi wa sheria, na jina lake vitabuni linaanza na cheo chake: Spika wa Bunge dhidi ya De Lille.

Najua atakayemtetea atasema Spika ni mtumishi wa uamuzi wa Bunge, na uamuzi ulikuwa wa wengi. Ni kweli. Lakini kukata rufaa ni jambo la kuchagua. Aliyewahi kuvuliwa kazi kwa tahariri moja alikuwa na sababu kuliko Spika mwingine yeyote Afrika ya kuiacha hukumu ile ya kwanza isimame.

Jaribio la pili lilikuwa kubwa zaidi kwa fedha. Desemba 1999 Serikali ilitia saini ununuzi wa silaha, zikiwamo ndege za kivita, manowari na nyambizi, kwa takriban randi bilioni 30. Harufu ya rushwa ikaanza kutoka. Kamati ya Hesabu za Umma, chini ya mwenyekiti Gavin Woods wa Inkatha, huku Andrew Feinstein akiwaongoza wajumbe wa ANC, ilipendekeza uchunguzi wa pamoja wa vyombo kadhaa, kikiwamo kitengo maalum cha uchunguzi cha Jaji Willem Heath, na Bunge likaipitisha taarifa hiyo Novemba 2000. Mwezi uliofuata Spika Ginwala alitoa tafsiri yake: azimio la Bunge halikumlazimisha mtu yeyote kukiingiza kitengo cha Heath. Januari 2001 Rais Thabo Mbeki akakiacha nje. Feinstein akaondolewa kuongoza wenzake wa ANC katika kamati, na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu ubunge.

Ukilisoma azimio lile kama mwanasheria, pengine Ginwala alikuwa sahihi kwa maneno. Lakini kamati ilikuwa imesimama peke yake mbele ya Serikali nzima, ikihitaji mkono wa Spika begani. Alikuwa mjumbe wa Halmashauri Kuu ya Taifa ya ANC wakati huohuo. Sisemi kwamba alielekezwa, na sina haja ya kusema hivyo. Mtu aliyemtafutia Tambo ndege na hati za safari, aliyekipa chama miaka 40 ya maisha yake, hakuhitaji simu ya mtu kumwambia chama kinataka nini.

Sisi Watanzania tunaujua mtego huu. Februari 2008 Spika Samuel Sitta aliruhusu ripoti ya kamati teule ya Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond isomwe mbele ya Bunge, wazi, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Nilikuwapo Dodoma wiki ile, na sijawahi kuona ukumbi umenyamaza vile. Mwaka uliofuata Sitta alibanwa vikali katika vikao vya chama chake, na baada ya uchaguzi wa 2010 kiti hakikurudi kwake. Chama hicho, CCM, kiliamua safari hiyo wagombea wawe wanawake, na Anne Makinda akawa Spika wa kwanza mwanamke nchini. Nafurahi kwamba Makinda aliingia. Lakini kila aliyekuwapo aliona pia nani aliyetolewa.

Ginwala aliondoka kitini mwaka 2004, akampisha Baleka Mbete. Alikuwa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Alifariki dunia Januari 2023 akiwa na miaka 90, mwaka mmoja baada ya ukumbi aliouongoza kuteketea kwa moto Januari 2022. Ningeweza kuishia hapo kama taarifa nyingi za kifo chake zilivyoishia, lakini kazi yake ninayoipenda kuliko zote aliifanya baada ya kuacha uspika, na watu wachache huku kwetu wanaijua.

Septemba 2007 Rais Mbeki alimsimamisha kazi Vusi Pikoli, mkurugenzi wa mashtaka wa taifa, wakati ofisi yake ikiwa imepata hati ya kumkamata Jackie Selebi, mkuu wa polisi wa nchi nzima. Mbeki akamteua Ginwala kuchunguza kama Pikoli anafaa kubaki kazini. Aliyemteua alikuwa mwenzake wa uhamishoni, chama ni chake, na wote walijua jibu ambalo lingewapa watu usingizi. Ginwala alisikiliza ushahidi, akaandika ripoti, akaikabidhi Novemba 2008 kwa Kgalema Motlanthe, aliyekuwa ameshachukua nafasi ya Mbeki. Alimkosoa Pikoli kwa kutozingatia vya kutosha masuala ya usalama wa taifa. Lakini alisema tuhuma za Serikali hazikuthibitika, mtu huyu anafaa, arudishwe kazini. Tena akaandika wazi kwamba ushahidi wa Menzi Simelane, mkurugenzi mkuu wa wizara ya sheria, haukuwa wa kuaminika.

Motlanthe alimfuta kazi Pikoli hata hivyo. Februari 2009 Bunge, nyumba ileile aliyoifungulia milango, likapiga kura kukubali. Mwaka huohuo Simelane akapewa na Rais Jacob Zuma ofisi ileile ya Pikoli. Selebi alitiwa hatiani kwa rushwa mwaka 2010 na kuhukumiwa miaka 15. Na Oktoba 2012 Mahakama ya Katiba ikabatilisha uteuzi wa Simelane. Sababu mojawapo ni kwamba aliyemteua alipuuza yale ambayo Frene Ginwala alikuwa ameyaandika.